Ahadi ni Deni, Ila Iandikwe Daftarini

Wengi wetu katika klabu hii tunaijua njia ya kwenda nyumbani kama tunavyoijua njia ya maktaba: Minneapolis, Amsterdam, kisha Nairobi au Kilimanjaro. Ndege ya kwanza ni ya Delta, ya pili ni ya KLM, na ukifika huko unaanza kutafuta usafiri wa kukufikisha kwenu hasa. Tusichokijua wengi ni kwamba mzizi mmoja wa ukoo wa hiyo ndege ya kwanza uko hapa hapa Wisconsin, katika mji wa Clintonville, wenye watu wasiofika 5,000. Na mzizi huo ulichipuka ndani ya kampuni iliyokuwa ikitengeneza malori.

Nataka kuusimulia ukoo huo kwa sababu habari za kuunganisha mashirika ya ndege zimerudi tena Afrika. Novemba 2021 Kenya Airways na South African Airways zilitiliana saini makubaliano ya ushirikiano, na lengo lililotangazwa lilikuwa kuunda shirika moja la Afrika nzima. Kabla ya hapo, Januari 2018, Umoja wa Afrika ulizindua soko moja la usafiri wa anga. Kila habari ya namna hii inapotoka, makundi ya WhatsApp ya familia zetu hujaa methali moja: umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.

Sina ugomvi na methali hiyo. Nasema tu haitoshi. Wazee wetu walituachia nyingine inayofaa zaidi mezani pa kutia saini: mali bila daftari hupotea bila habari. Hoja yangu ni hii: muungano wa mashirika ya ndege haupimwi kwa ukubwa wa shirika linalozaliwa. Unapimwa kwa yale yaliyoandikwa kwa ajili ya wadogo, yaani miji midogo na wafanyakazi wa ngazi za chini, kabla kalamu hazijawekwa mezani. Kisichoandikwa hakidumu, hata kama waliokiahidi walikuwa watu wema.

Bata wa Clintonville

Mwanzoni mwa karne iliyopita, Clintonville ilijulikana kwa malori yanayosukumwa na magurudumu yote manne. Kampuni iliyoyatengeneza iliitwa Four Wheel Drive, na ilipata jina kubwa katika Vita Kuu ya Kwanza. Tatizo lake lilikuwa mahali ilipo. Mfanyabiashara wa Clintonville aliyetaka kufika Chicago au Milwaukee kwa haraka hakuwa na njia nzuri. Kampuni ikanunua ndege ndogo kwa ajili ya watu wake, na mwaka 1944 shirika la ndege likaanzishwa, likaitwa Wisconsin Central.

Safari za abiria za ratiba zilianza Februari 1948 kwa ndege aina ya Lockheed Electra, zilizobeba abiria wasiozidi kumi. Wakati huo serikali kuu ya Marekani ilikuwa na bodi iliyoamua kila kitu katika usafiri wa anga: shirika lipi liruke wapi, na nauli iwe kiasi gani. Baada ya Vita Kuu ya Pili, bodi hiyo iliruhusu mashirika madogo ya mikoani yaanzishwe ili yachukue watu kutoka miji midogo na kuwafikisha kwenye viwanja vikubwa. Yalilipwa ruzuku, kwa kuwa ilieleweka wazi kwamba abiria wanane kutoka mji wa wakata miti hawawezi kulipia mafuta, rubani na matengenezo peke yao.

Desemba 1952 Wisconsin Central ilibadili jina na kuitwa North Central, na makao makuu yake yakahamia Minneapolis. Nusura life. Aliyelinusuru ni Hal Carr, aliyeshika urais wa shirika mwaka 1954 na kuliongoza kwa miaka mingi. Nembo yake ilikuwa bata mwitu wa rangi ya buluu, ambaye watu walimbandika jina la Herman. Wazee wa kaskazini mwa jimbo hili wakimwona bata huyo kwenye picha ya zamani, wanamtambua papo hapo.

Kazi kubwa ya North Central ilifanywa na DC-3, ndege yenye injini mbili za pangaboi na mkia unaogusa chini inapoegeshwa. Ndege hiyo hiyo East African Airways nayo iliitumia kwenye njia zake za ndani. Ikiwa babu au bibi yako aliwahi kukuambia habari za “Dakota” iliyotua kwenye kiwanja cha nyasi, alikuwa anaizungumzia ndege pacha ya hizi zilizokuwa zikitua kwenye miji ya theluji ya Wisconsin na Michigan. DC-3 moja ya North Central iliruka zaidi ya saa 80,000 maishani mwake. Leo imetundikwa ndani ya jumba la makumbusho la Henry Ford kule Dearborn, Michigan. Nenda ukaione, kisha jiulize: ndege iliyokaa angani muda wote huo ilikuwa ikifanya nini? Ilikuwa ikipakia watu wachache hapa, wachache pale, na kuwashusha mji wa pili. Hiyo ndiyo kazi ya shirika dogo, na ndiyo kazi ambayo hakuna shirika kubwa linaloigombania.

Ukoo unakua, vijiji vinapungua

Mwaka 1978 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuondoa udhibiti wa serikali katika usafiri wa anga. Kuanzia hapo shirika lingeweza kuruka litakako na kutoza nauli ipendayo, na vilevile kuacha kuruka lisikotaka. Mashirika madogo yaliona wazi kwamba asiyekua atamezwa. Tarehe 1 Julai 1979, North Central iliungana na Southern Airways, shirika la mikoani la kusini lililoanzishwa na Frank Hulse, na mtoto wao akaitwa Republic. Huo ulikuwa muungano wa kwanza chini ya sheria mpya. Mwaka uliofuata Republic ilinunua Hughes Airwest ya magharibi. Kwa miaka miwili tu, bata wa Clintonville akawa anaruka kutoka bahari hadi bahari.

Kwenye ramani ilipendeza. Kwenye vitabu vya hesabu ilikuwa balaa. Republic ilibeba madeni makubwa wakati bei ya mafuta na riba viko juu, ikapata hasara kubwa, na wafanyakazi wakaombwa wakubali kukatwa mishahara ili shirika lisife. Mwaka 1984 aliletwa Stephen Wolf kulinyoosha. Alilinyoosha kweli: akakusanya safari kwenye vitovu vitatu, Minneapolis, Detroit na Memphis, faida ikarudi. Lakini miji midogo mingi ilikatwa katika unyooshaji huo. Shirika lililozaliwa ili kuhudumia miji midogo lilipona kwa kuiacha.

Januari 1986 Northwest, jirani yake wa Minneapolis, ilitangaza kuinunua Republic kwa dola milioni 884. Wizara ya Sheria ya Marekani ilipinga. Hoja yake inaeleweka na mtoto wa shule: mashirika mawili makubwa ya kiwanja kimoja yakiwa moja, nani atashindana nalo? Wizara ya Uchukuzi, ambayo wakati huo ndiyo iliyokuwa na neno la mwisho, iliruhusu. Oktoba 1986 bata akaondolewa mkiani.

Halafu mwaka 2008 Northwest yenyewe ikaungana na Delta. Makao makuu yakaondoka Minnesota yakaenda Atlanta, na mwanzoni mwa 2010 jina la Northwest likafutika. Hebu tuhesabu kama tunavyohesabu koo zetu: Wisconsin Central alizaa North Central, North Central na Southern wakazaa Republic, Republic akaingia kwa Northwest, na Northwest akaingia kwa Delta. Clintonville leo haina ndege ya abiria ya ratiba. Mtu wa huko akitaka kusafiri huendesha gari hadi Appleton au Green Bay.

Ahadi mbili, daftari moja

Sasa tufike kwenye kiini. Katika historia hii kuna ahadi mbili zilizotolewa kwa miji, na nataka uzilinganishe.

Ahadi ya kwanza ilitolewa kwa mdomo. Delta na Northwest zilipokuwa zikiomba ruhusa ya kuungana mwaka 2008, viongozi wake waliwaambia wabunge kwamba hakuna kitovu kitakachofungwa. Memphis ilikuwa kitovu kilichorithiwa kutoka Republic. Watu wa huko walisikia neno hilo kama tulivyolisikia sisi wengine: hakuna kufungwa. Septemba 2013, miaka mitano baadaye, Delta ilikifunga kitovu cha Memphis. Sisemi kwamba waliosema hayo walidanganya. Huenda siku ile waliamini. Mafuta yalipanda, ndege ndogo hazikulipa tena, na Atlanta haiko mbali. Lakini hilo ndilo tatizo la ahadi ya mdomo: haivunjwi na mtu mbaya, huvunjwa na hesabu za mwaka wa tano.

Ahadi ya pili iliandikwa. Wabunge waliopitisha sheria ya mwaka 1978 walijua kwamba uhuru wa kuruka popote ni uhuru wa kuacha popote. Wakaweka ndani ya sheria hiyo hiyo mpango wa huduma muhimu za ndege kwa miji midogo. Mji uliokuwa na huduma wakati sheria inapitishwa ulipewa haki ya kubaki kwenye ramani, na serikali ikakubali kulipa tofauti pale nauli zisipotosha. Shirika linalotaka kuondoka lazima litoe taarifa mapema, na kama hajapatikana wa kuchukua nafasi yake, serikali inaweza kulizuia lisiondoke kwanza. Mpango ulipangiwa miaka kumi. Ukaongezewa muda, na baadaye ukafanywa wa kudumu.

Tuone ulivyofanya kazi. Julai 2011 Delta ilitangaza kwamba inataka kuacha safari za miji midogo 24, mingi yake ikiwa katika eneo lile lile la kaskazini ambalo North Central ililihudumia. Ilisema inapoteza dola milioni 14 kwa mwaka, na baadhi ya ndege zake zilikuwa zikiruka na viti vingi vitupu. Kama kusingekuwa na sheria, habari ingeishia hapo. Kwa kuwa kulikuwa na daftari, miji mingi kati ya hiyo haikupotea. Zabuni ziliitishwa, ruzuku ikawekwa mezani. Leo ukienda Rhinelander hapa Wisconsin, au Iron Mountain kule Michigan, au Hibbing kule Minnesota, utakuta ndege ndogo yenye jina la Delta, inayorushwa kwa niaba yake na shirika la SkyWest. Haikubaki kwa ajili ya mapenzi. Imebaki kwa ajili ya kifungu cha sheria.

Wafanyakazi nao wana habari yao. Northwest ilipoichukua Republic, swali lililowagawa marubani lilikuwa orodha ya ukongwe kazini. Katika kazi ya urubani ukongwe ni kila kitu: ndiyo unaoamua ndege utakayorusha, mji utakaokaa na mshahara utakaopata. Rubani wa Republic mwenye miaka ishirini kazini awekwe wapi mbele ya rubani wa Northwest mwenye miaka kumi, ambaye anarusha ndege kubwa zaidi za kwenda Asia? Hilo halikumalizwa kabla ya kuungana. Lilipelekwa kwa msuluhishi, na kwa miaka mingi baadaye marubani wa shirika hilo moja waliendelea kuitana watu wa kitabu chekundu na watu wa kitabu cha kijani, kila upande ukiuhesabu mwingine kuwa mdhulumu. Abiria nao walionja matunda ya haraka hiyo: miezi ya mwanzo ilikuwa ya mizigo kupotea na ndege kuchelewa. Mtu akikuambia mashirika mawili yameungana, muulize kama watu wake nao wameungana.

Wao waliunganisha, sisi tuligawana

Haiwezekani kuisoma historia hii kwa Kiswahili bila kukumbuka yetu. Wakati watu wa Clintonville wanajiandaa kurusha ndege yao ya kwanza, East African Airways tayari ilikuwa inaruka. Ilianza mwaka 1946 ikimilikiwa na serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, kwa ndege sita ndogo za mabawa mawili mawili. Mwaka 1960 ilipata ndege za jeti aina ya Comet, na mwaka 1966 ilipokea Super VC10 za kwenda London. Ilikuwa fahari. Wazazi wa wazazi wetu wanaitaja kama watu wanavyomtaja ndugu aliyekufa kijana.

Mwanzoni mwa 1977 ilianguka, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaanguka nayo mwaka huo huo. Kenya ililalamika kwamba wenzake hawalipi madeni yao. Tanzania ililalamika kwamba makao makuu, karakana na ndege vyote viko Nairobi. Kila mmoja alikuwa na sehemu ya ukweli. Kenya Airways ilianza Februari 1977, Air Tanzania Machi, na Uganda ikaanzisha lake. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa hadi 1983. Kugawana mali kulihitaji msuluhishi wa Kiswisi, Victor Umbricht, na makubaliano yalipatikana mwaka 1984 tu.

Tazama tarehe: sisi tuligawana 1977, wao wakaungana 1979. Ni rahisi kusema basi wao walishika njia sahihi nasi tukapotea. Mimi naona ugonjwa ni mmoja. Clintonville iliachwa na muungano, na wazee wetu waliachwa na utengano, kwa sababu pande zote mbili haki ya mdogo ilitegemea nia njema ya mkubwa. Tunawajua wote wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambao kwa miaka mingi walionekana mahakamani na barabarani Dar es Salaam wakidai mafao yao. Mafundi, makarani na wahudumu wa East African Airways walikuwa miongoni mwa watumishi wa Jumuiya hiyo. Hawakuivunja wao. Walikuja kazini asubuhi wakakuta hakuna kazi, na suala la nani atawalipa likageuka kesi iliyowazeesha.

Kwa hiyo swali la “tuungane au tusiungane” silo la kwanza. La kwanza ni: mkiungana au mkiachana, mdogo anashika karatasi gani mkononi?

Kipande cha mwisho

Kuna atakayesema haya ni mambo ya wakubwa, sisi wanafunzi yanatuhusu nini. Yanatuhusu kwa sababu ya kipande cha mwisho cha safari.

Familia yangu ni ya Kagera. Baba mdogo alipofariki, baba alipata tiketi siku hiyo hiyo na akavuka Atlantiki na Sahara kwa muda usiofika siku mbili. Alikwama Dar es Salaam. Ndege ya Bukoba ya siku hiyo iliahirishwa, ya kesho yake ilikuwa imejaa, akapanda basi. Alifika kaburi limeshafunikwa, watu wamekaa matanga. Mama hupenda kusema kwamba bahari si mbali, kilicho mbali ni Bukoba. Wenzangu wenye asili ya Songea, Kigoma, Bukavu au Lamu mnaelewa maana yake bila kufafanuliwa.

Njia ya Minneapolis na Amsterdam ilikuwepo kabla hatujazaliwa, kwa sababu Northwest na KLM walishirikiana tangu mwanzo wa miaka ya 1990. Ya Amsterdam na Nairobi iliimarika katikati ya miaka hiyo, KLM iliponunua asilimia 26 ya Kenya Airways. Njia hizi kubwa hujitetea zenyewe. Zina watalii, zina mizigo ya maua, zina watu wa mashirika ya misaada. Kipande cha mwisho hakina wa kukitetea ila waliozaliwa huko. Ndiyo maana kila ninaposikia kwamba shirika fulani la kwetu litaungana na lingine ili “kushindana kimataifa”, moyo unashtuka kidogo. Kushindana kimataifa ni kununua ndege kubwa ya kwenda mbali. Na hela ya ndege kubwa, mara nyingi, hutoka kwenye njia ya ndege ndogo.

Hoja za upande wa pili

Wapo watakaonijibu, na wana haki ya kujibiwa kwa uaminifu.

Watasema kwanza kwamba ruzuku ni ghali. Ni kweli. Kurusha ndege yenye viti vitupu kwenda mji mdogo kunagharimu fedha za walipa kodi, na hapa Marekani mpango huu unapigiwa kelele karibu kila bajeti. Lakini sheria yenyewe imeweka mipaka: kwa miaka mingi, kwa kawaida mji ulio karibu na kiwanja kikubwa haukutakiwa kuvuka ruzuku ya dola 200 kwa abiria mmoja. Hiyo ndiyo faida ya kuandika. Ukiandika haki unaweza kuandika na ukomo wake, mlipaji akajua analipa nini. Na barabara ya lami ya kwenda wilayani nayo ni ghali, ila hatuulizi kama imeleta faida kila Ijumaa.

Watasema pia kwamba bila kuungana mashirika madogo yangekufa, na mji usingekuwa na ndege ya shirika lolote. Hilo nalo nalikubali kwa sehemu. Ozark ya Missouri iliuzwa kwa TWA mwaka 1986, na Piedmont ya North Carolina ikaingia USAir mwaka 1989. Enzi ya mashirika ya mikoani ilikuwa inafungwa, utake usitake. Nauli kwa wastani zilishuka, na watu wa kipato kama cha wazazi wetu wakaanza kupanda ndege. Sidai kwamba bata arudishwe mkiani. Ninachosema ni kwamba kama kuungana hakuepukiki, basi kuandika nako kusiepukwe.

Na watasema Afrika Mashariki si Marekani, hatuna fedha za kulipia viti vitupu. Hapa nakataa. Tanzania ilipolifufua Air Tanzania mwaka 2016 kwa ndege za pangaboi aina ya Q400, na Uganda ilipolirudisha la kwake angani mwaka 2019, fedha za umma zilitumika na bado zinatumika. Tayari tunalipa. Tofauti ni kwamba tunalipa bila daftari: hakuna mwananchi wa Mpanda au wa Bukoba anayeweza kufungua karatasi na kusema, hizi ndizo safari ninazodai kwa wiki, na huu ndio muda wake. Ndege ikija anashukuru, isipokuja anavumilia. Huduma inayotegemea shukrani inaitwa fadhila.

Maswali ya kuuliza

Siku viongozi wetu watakaposimama tena mbele ya kamera wakiwa na kalamu za dhahabu, naomba sisi tunaosoma Kiswahili huku ughaibuni tusiishie kupiga makofi kwenye simu zetu. Tuulize maswali matatu, na tuyaulize kabla ya saini kukauka.

La kwanza: miji ipi imetajwa kwa jina ndani ya mkataba, itapata safari ngapi kwa wiki, na kwa miaka mingapi? Neno “mikoani” halitoshi. Mji usio na jina kwenye karatasi hautakuwa na jina kwenye ratiba.

La pili: ukongwe wa wafanyakazi na mafao yao yameamuliwa vipi, na nani atalipa ikiwa ndoa itavunjika? Hili tusilione aibu. Anayefunga ndoa huandika mahari, na hilo halimaanishi kwamba anaombea talaka.

La tatu: atakayevunja ahadi atalipa nini, na atamlipa nani? Ahadi ni deni, tunasema. Basi iwe deni kweli, lenye mdai, mdaiwa na tarehe.

Haya si maswali ya wapinga maendeleo. Ni maswali ambayo Memphis haikupata majibu yake kwa maandishi, na ambayo Rhinelander iliyapata. Miji yote miwili iliunganishwa na wakubwa wale wale, na safari zote mbili ziliingia hasara katika miaka ile ile. Mmoja ulipewa neno, mwingine ulipewa sheria, na mwenye sheria bado anasikia mlio wa ndege.

Nakaribisha majibu, hasa ya wale ambao wazee wao walifanya kazi East African Airways. Yaandikeni kwa Kiswahili na myalete kwa mhariri kabla ya toleo lijalo. Mkisema nimekosea, semeni pia mngeandika nini kwenye mkataba huo kama kalamu ingekuwa mkononi mwenu.